Una siku moja Kigoma kabla ya Gombe? Usiipoteze hotelini

Mkuu umesema unafika Kigoma siku moja na boti yako ya kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe, ni kesho yake asubuhi, unauliza kuna nini cha kuona hapo katikati, na naona wengi wanakwambia ulale tu upumzike. Hapana jamani. Mimi nimekulia Ujiji na wageni wote wa nyumbani nawatembeza mwenyewe, kwa hiyo nisikilize.

Anza na Ujiji, panda daladala ushuke kwa Livingstone, yaani makumbusho ya pale mwandishi wa habari Stanley alipomkuta Livingstone, mmisionari na mpelelezi aliyekuwa hajulikani alipo, mwaka 1871. Watu wakifika pale wanapiga picha na mnara, dakika kumi wameshaondoka. Wewe baki. Simama mgongo kwenye mnara halafu tafuta Ziwa Tanganyika liko wapi. Hulioni, si ndio? Na mwaka huo wa 1871 maji yalikuwa jirani kabisa. Nimepita njia ile utoto wangu wote na ndoo kichwani na sikuwahi kujiuliza, mpaka mzee mmoja wa mtaani akaniambia mjukuu wangu hapa unapokanyaga babu zetu walikuwa wanafunga mitumbwi. Nikaja kusoma ukubwani kumbe ni kweli, mto Lukuga kule Kongo ndio unaotoa maji ya ziwa, mdomo wake ulikuwa umeziba kwa matope na majani, mwishoni mwa miaka ya 1870 ukazibuka na ziwa likashuka karibu mita 10. Tangu siku ile kila nikiteremka kwenda ufukweni nahesabu hatua.

Miembe unayoiona siyo ule mwembe wenyewe waliokutania chini yake, ule ulishakufa zamani, hii inasemekana ilipandikizwa kutoka kwake. Na bamba linasema 10 Novemba 1871, hiyo ni tarehe ya Stanley, Livingstone kwenye shajara yake anaonesha walikutana mapema zaidi, Oktoba. Kitu kinachoniuma ni kwamba wageni wanaondoka na majina mawili tu. Aliyeanza kumsalimia Stanley siku ile alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, tena kwa Kiingereza, ndani ya umati wa watu wa Ujiji! Ni huyo Susi na mwenzake Chuma waliokuja kuongoza msafara wa kubeba maiti ya bwana wao kwa miguu kutoka Chitambo, Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo, miezi mingi njiani. Muulize mtu wa makumbusho akusimulie habari za hao, mwache asimulie taratibu.

Mchana rudi mjini, nenda stesheni. Reli ilifika hapa 1914, na Liemba, ile meli kongwe ya ziwa hili, ilikuja kwa reli hiyo hiyo! Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande ikapakiwa kwenye maboksi, ikaja kuunganishwa upya hapa Kigoma, wakati huo ikiitwa Graf von Goetzen. 1916, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, ila mafundi walipaka injini grisi nyingi kwanza, ndiyo maana ilipoibuliwa ilirudi kazini, 1927, kwa jina la Liemba. Fuata reli kwa macho kutoka stesheni inavyoteremka bandarini, ndo njia maboksi yalipopita. Bandarini kwenyewe omba ruhusa kwanza, usitoe simu upige picha hovyo.

Jioni ndo ufukwe wa Kibirizi, mgebuka (samaki wa ziwa hili) wa kukaanga na ugali, ule kwa mkono. Ukimaliza kaa pale pale mpaka giza liingie, mitumbwi ya dagaa inatoka na taa zake na ziwa lote linakuwa kama mji mwingine umewashwa umeme ng'ambo. Mama yangu alikuwa akituita uani tuje tuangalie. Ila siku za mbalamwezi wavuvi hawatoki, dagaa hawafuati taa mwezi ukiwa umewaka, kwa hiyo kama tarehe zako bado zinasogezeka angalia mwezi kabla hujakata tiketi.