Taa ya Chumbe na nyumba ya mlinzi wake

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, sisi wazima. Umeuliza mawili: kama nyumba ya mlinzi wa taa pale Chumbe iligeuka gofu, nani alikuwa akiwasha taa kila magharibi? Na kwa nini sisi mafundi tunakataa saruji kwenye kuta za namna ile?

Chumbe unakijua, kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe cha hekta 22 hivi, kusini ya mji wa Zanzibar, hakina hata kisima. Waingereza walijenga mnara mwaka 1904. Walinzi wa taa walikuwa Waislamu, ndiyo maana kuna kile kimsikiti chenye sura ya Kihindi. Mwaka 1926 mnara ukatiwa mitambo ya gesi ya AGA, kampuni ya Sweden, na hapo ndipo lilipo jibu lako la kwanza.

Mitambo ya AGA ilitokana na Gustaf Dalén wa Sweden, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912. Vali yake ya jua ina fimbo nne za metali: ya katikati nyeusi, tatu zinazoizunguka zimeng'arishwa. Kukicha, ile nyeusi hunyonya mwanga, hupata joto kuliko wenzake na kurefuka kidogo mno, lakini kiasi cha kusukuma wenzo unaofunga gesi. Jua likizama hurudi urefu wake, gesi hupita, na kimoto kidogo kisichozimwa huiwasha taa. Watu hudhani ni joto la mchana linalofanya kazi. Sivyo. Siku ikiwa ya joto, fimbo zote nne hurefuka sawasawa na vali haisogei. Kinachohesabiwa ni mwanga. Wingu zito la masika laweza kuiwasha taa adhuhuri, na kwa nahodha hiyo ni heri.

Adui wake ni uchafu. Kioo cha vali kikifunikwa na chumvi au kinyesi cha ndege, mtambo hudhani ni usiku, gesi ikaungua mchana kutwa na mitungi ikaisha kabla ya wakati. Kile kimoto nacho kikizimika, gesi hutoka bila kuwaka. Gesi yenyewe ni asetilini, ambayo ikishindiliwa peke yake hulipuka, kwa hiyo mtungi hujazwa kitu chenye vitundu kilicholowa asetoni, nayo asetilini huyeyuka humo. Bomba la shaba nyekundu ni marufuku: asetilini ikikutana na shaba hiyo hufanya kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu.

Basi mtambo ukijiendesha hivyo, mlinzi hana haja ya kukesha juu, wala nyumba yake haina wa kuiangalia. Iliokolewa na hifadhi iliyoanzishwa na Sibylle Riedmiller kuanzia 1991. Serikali ikautangaza mwamba wa matumbawe ulio baharini magharibi ya kisiwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Gofu likatengenezwa, likaezekwa makuti, sasa ndipo wageni na wanafunzi wanapopokelewa.

Sasa saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wa bahari na kuutoa nje. Ukipiga lipu ya saruji, unyevu hukosa njia. Chumvi huganda nyuma ya lipu, ikavimba, na jiwe huanza kumomonyoka kama unga huku nje ukuta unaonekana mzima. Lipu ikija kudondoka, hudondoka na jiwe.

Tumia chokaa iliyozimwa kwa maji na kulowekwa, ya muda mrefu ndiyo bora, kipimo 1 kwa mchanga 3. Mchanga wa pwani usiuguse, una chumvi. Kwanza kwangua viungo vya mawe, lowesha ukuta, halafu piga tabaka jembamba, sentimita 1 hivi, ngoja likaze ndipo uongeze jingine. Funika kwa magunia mabichi na unyunyize maji kwa siku kadhaa, maana chokaa ikikauka haraka juani hupasuka nyufa nyembamba, kazi yote ikarudiwa. Fundi akikuambia chokaa ni dhaifu, muulize amewahi kuifunika au aliiacha juani.