Gombe Walinirudisha kwa Sababu ya Chafya

Wiki iliyopita kaka mmoja wa Tabora kaniandikia: "Nina siku moja tu. Nishuke kwenye treni, niende Gombe nione sokwe, jioni nirudi Kigoma mjini. Inawezekana?" Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda kwa pupa ya namna hiyo.

Ni mzaliwa wa Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini. Gombe, hifadhi ya taifa ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, iko kilomita kama 16 kaskazini, na mara ya kwanza kukanyaga kule nilikuwa na miaka 34. Habari za Jane Goodall, yule Mwingereza mtafiti wa sokwe, tulizisikia tangu shuleni, kwamba alishuka ufukweni pale Julai 1960 akiwa na mama yake. Wageni wakavuka bahari kumfuata. Sisi tukabaki na migebuka yetu, samaki wa ziwani, "tutaenda tu".

Siku nilipoamua, nilikuwa na mafua. Nikajiambia, mafua gani ya kumzuia mwanamume? Mchana nikapanda boti ya abiria pale Kibirizi, zinakoondokea boti, nimekalia gunia la unga, kreti ya soda magotini, moshi wa injini wote unaishia puani kwangu. Nikafika, nikalala.

Asubuhi tukiwa tunapewa maelekezo nikapiga chafya. Mwongozaji akanitazama. Ya pili nikaibana, ikatoka kwa kishindo zaidi.

"Samahani kaka, wewe leo hupandi."

Nikamwambia nimelipia. Akasema sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua, na yakiingia kwenye kundi yanaua. Wenzangu wakabeba barakoa zao wakaufuata mlima. Mimi nikakaa ufukweni na mfuko wa maandazi aliyonikaangia mke wangu. Akaja nyani dume, akauchukua mfuko mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayedai chake, akaketi hatua tano mbele yangu akala yote. Mpaka leo nyumbani nikiomba maandazi naulizwa, "Ya kwako au ya nyani?"

Yule mwongozaji nilimchukia miezi kadhaa. Alikuwa sahihi, nakubali. Ila angeniita pembeni.

Sasa kaka wa Tabora, sikiliza. Siku moja haitoshi. Boti za abiria zinakwenda mchana, za kurudi mjini zinapita alfajiri, kwa hiyo utalala tu, labda ukodi boti yako, na bei yake utaisikia mwenyewe. Mimi nasema lala siku mbili. Sokwe hawana ratiba yako. Wanaweza kuwa juu kabisa, na milima ya kule inapanda kama ukuta. Viatu vyenye meno. Chakula kiwe ndani, mlango ufungwe. Na ukiwa na mafua ahirisha. Narudia: ahirisha. Tuna tabia ya kudhani tukishalipa basi kila kitu ni haki yetu, hata afya ya mnyama. Tena tunamaliza pesa kwenye michango ya harusi, hifadhi iliyo mlangoni tunawaachia wageni. Tubadilike jamani!

Mimi nilirudi Novemba, mvua zimeanza, njia zinateleza, nimeanguka mara mbili. Lakini ndio msimu wa mchwa. Tulimkuta mama sokwe kwenye kichuguu. Akavunja kijiti, akakipukutisha majani kwa midomo, akakichomeka tunduni, akasubiri. Akakivuta polepole kimejaa mchwa, akakipitisha mdomoni. Mwanawe alikuwa ameshika kijiti chake, kinene mno, hakiingii popote. Jambo hilo hilo Goodall aliliona mwaka 1960, wakati wataalamu wakiamini ni binadamu peke yake anayetengeneza zana. Mimi nililiona nikiwa mita kumi, barakoa imelowa jasho, nimesahau hata kupiga picha.

Saa moja ndiyo mwisho wa kukaa nao. Mwongozaji akanigusa bega tuondoke, yule yule wa mwanzo. Tulipofika chini akashusha barakoa.

"Kaka, yale mafua yalipona?"