Anza na mdomo, si rangi

Anayeanza kuwachunguza heroe, ndege waitwao pia flamingo, hushikwa kwanza na rangi, na hapo ndipo nilipopotezea miezi yangu ya mwanzo Ziwa Nakuru, Kenya. Daftari langu lilijaa "waridi iliyokolea" na "waridi iliyofifia", nikiamini ninatenganisha aina mbili, heroe mdogo na heroe mkubwa. Kumbe rangi ile hutokana na chakula, na makinda wa aina zote mbili huwa wa kijivu kwa muda mrefu. Elekeza darubini mdomoni. Wa heroe mdogo ni mwekundu wa giza, kwa mbali unaonekana mweusi. Wa heroe mkubwa ni wa waridi wenye ncha nyeusi.

Kisha kaa uwatazame wanavyokula, tena usiwe na haraka. Heroe hula kichwa kikiwa kimepinduliwa, taya la juu likawa chini. Ulimi wake mnene huenda mbele na nyuma kama pampu, ukivuta maji na kuyasukuma nje, na vitepe vyembamba vilivyopangana kama meno ya chanuo hubakiza chakula. Vya heroe mdogo ni vyembamba mno, hunasa hata spirulina, vimelea vidogo mno vya majini vinavyofanana na mwani. Yeye huchuja maji ya juu juu, kwa hiyo upepo ukivuruga ziwa hupata tabu. Mfuate alfajiri maji yakiwa yametulia. Heroe mkubwa huzamisha kichwa hadi kwenye tope kutafuta wadudu na kamba wadogo. Ndiyo maana hukaa ziwa moja bila kugombania.

Kuhusu mguu, usiandike kwamba goti linapinda kinyume. Kile ni kifundo cha mguu. Goti limefichwa juu, ndani ya manyoya.

Ukifika ukakuta wameondoka, uliza habari za maji. Ziwa Nakuru lilipofurika miaka ya 2010, magadi yalizimuliwa, spirulina ikapungua, na makundi yakahamia kwingine, Ziwa Bogoria likiwemo.

Wengi wa heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliwa Ziwa Natron, Tanzania, katikati ya magadi makali ambayo fisi hapiti kirahisi. Kiota ni tope lililoinuka kama kichuguu, yai ni moja. Kinda huanguliwa na mdomo ulionyooka, usioweza kuchuja chochote, hivyo baba na mama humlisha maziwa mekundu yanayotengenezwa kooni mwao. Wiki zikipita mdomo huanza kupinda, na ukishapinda vya kutosha ndipo huinamisha kichwa majini na kujilisha mwenyewe.