Maswali ya wasomaji: Mahafali, risala na ripoti ya mwisho wa mwaka

Darasa la saba wameshafanya mtihani wao wa Septemba, darasa la nne wanajiandaa kwa upimaji wa kitaifa, na katika shule nyingi za msingi maturubai ya mahafali yameanza kusimamishwa. Barua zilizofika kwenye safu hii mwezi huu karibu zote zinahusu namna shule inavyoufunga mwaka wake. Nimechagua nne, na kwa kuwa nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi kustaafu kwangu, naomba wasomaji wanivumilie pale nitakapolikazia jambo kwa urefu.

Shikamoo, mwalimu. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya serikali mkoani Tabora, na huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Nimepewa kazi ya kuwaandalia wahitimu risala watakayomsomea mgeni rasmi. Risala za miaka ya nyuma nilizokabidhiwa zote zinafanana, na naambiwa kwamba wazazi huanza kuzungumza wao kwa wao kabla haijafika katikati. Niandike nini?

Marahaba, mwalimu. Risala hizo nazifahamu, kwa maana nimeandika nyingi za namna hiyo mimi mwenyewe. Huanza kwa kumtaja mgeni rasmi, meza kuu, walimu, wazazi na walezi, itifaki ikazingatiwa. Hufuata historia ya shule, halafu mafanikio, halafu changamoto kumi na mbili kuanzia nyumba za walimu hadi uzio. Kisha watoto wanashukuru na kuketi. Muundo huo hauna ubaya wowote, na wala sikushauri uuvunje, kwa sababu wazee wanaoketi pale mbele wanautarajia. Ninachokushauri ni kutua kwenye sentensi moja ambayo imo katika kila risala na ambayo msomaji huipita mbio kuliko zote.

Sentensi yenyewe huwa hivi: "Tulianza darasa la kwanza mwaka 2019 tukiwa wanafunzi 118, wavulana 57 na wasichana 61, leo tunahitimu tukiwa 83, wavulana 36 na wasichana 47." Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini nimezisikia za aina hiyo mara nyingi, na kila mara watu hupiga makofi kwa wale 83 na kuendelea mbele. Hakuna anayeuliza wale 35 wako wapi. Wavulana 21 na wasichana 14 walioketi katika madarasa hayohayo, waliojifunza kuandika majina yao kwenye madaftari yaleyale ya mistari mipana, wanatajwa kwa njia ya kutoa tu, hesabu ambayo hata haifanywi kwa sauti.

Kwa hiyo, kabla hujaandika neno lolote, chukua daftari la uandikishaji la mwaka 2019 pamoja na rejista za mahudhurio za kila mwaka uliofuata, uketi na wahitimu watano au sita, mpite jina baada ya jina. Watoto wanajua. Watakuambia huyu alihamia Kahama na wazazi wake, huyu alikariri darasa na sasa yupo darasa la sita, huyu anachunga ng'ombe wa mjomba wake, huyu alianza kukosa msimu wa tumbaku akawa harudi tena, huyu alipelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, huyu alifariki. Mkumbuke pia wale waliohamia shuleni kwenu njiani, ili hesabu isiwadhulumu walimu. Ukimaliza utakuwa na aya moja fupi ya kweli, na ndiyo itakayowanyamazisha wazazi wanaozungumza, kwa sababu baadhi yao ndio wazazi wa watoto hao. Usiwataje waliokatiza masomo kwa majina mbele ya umati. Taja idadi na sababu, halafu majina mkabidhi afisa elimu kata au diwani mkononi, akiwa bado kwenye kiti chake.

Hapo ndipo risala inapokuwa na ombi lenye maana. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, warejee shuleni, na kwa watoto waliokwisha kupitiliza umri upo mpango wa MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Mgeni rasmi akiombwa nyumba za walimu, uzio, kompyuta na basi la shule kwa pamoja, ataahidi vyote na kuondoka. Akiombwa asaidie kuwarudisha watoto saba wanaojulikana walipo, na madawati 24 kwa ajili ya wanafunzi 72 wanaoketi chini, kwa hesabu ya watatu kwa kila dawati, itamlazimu ajibu kwa tarakimu.

Wahitimu hawa pia wana kisa chao ambacho risala za zamani haziwezi kuwa nacho. Walikuwa darasa la pili mwaka 2020, wakati shule zilipofungwa kuanzia tarehe 17 Machi hadi tarehe 29 Juni kwa sababu ya korona, na darasa la pili ndipo mtoto anapokomaza kusoma, kuandika na kuhesabu. Waache waeleze wenyewe walivyosoma miezi ile, na nani aliyewafundisha nyumbani. Kazi yako iwe kusahihisha tahajia na kupunguza, isizidi dakika tano, na msomaji awe mtoto mwenye sauti, hata kama si yule aliyeongoza darasa.

Mwalimu, salaam. Binti yangu anamaliza darasa la saba katika shule ya serikali. Wazazi tumetakiwa kulipa shilingi 30,000 kila mmoja kwa ajili ya keki, fulana, chakula na picha. Mimi nauza mboga na nina watoto wanne. Binti ameambiwa mbele ya wenzake kwamba asiyelipa asifike siku hiyo. Je, ni haki? — Mama wa Morogoro

Pole, mama. Si haki, na nasikitika kwamba maneno hayo yalisemwa mbele ya wenzake.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima katika shule za serikali, na utekelezaji wake ulianza Januari 2016. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ukafafanua wajibu unaobaki kwa mzazi: sare, madaftari na kalamu, chakula na matibabu ya mtoto wake. Keki na fulana za mahafali hazimo. Wazazi wanaweza kukubaliana wenyewe kuchangia sherehe, na mimi sipingi jambo hilo hata kidogo, lakini mchango huo unabaki kuwa wa hiari, na hauwezi kuwa tiketi ya kumwingiza mtoto katika shule aliyosoma miaka saba. Wala matokeo ya mtihani wake hayahusiani na fedha hizo.

Nenda kwa mwalimu mkuu wewe mwenyewe, kwa utulivu, na umwambie kwamba utatoa unachoweza na binti atahudhuria. Yawezekana maneno yale yalitoka kwa mjumbe wa kamati ya maandalizi, na mwalimu mkuu hana habari. Usiposikilizwa, mtafute mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye ni mzazi kama wewe, kisha afisa elimu kata. Usimzuie binti nyumbani kwa aibu huku ukisubiri majibu.

Mahafali niliyoyapenda kuliko yote katika utumishi wangu yalifanyika chini ya mwembe. Kila mzazi alileta mchele au maharage kwa kadiri ya uwezo wake, asiyekuwa navyo akaleta kuni au akaja alfajiri kupika. Mwalimu wa darasa alimwita kila mhitimu kwa majina yake matatu, na mzazi wake akawa anasimama palepale alipoketi. Kulikuwa na bibi mmoja aliyemlea mjukuu wake tangu akiwa mchanga; alisimama jina la pili lilipotajwa, kabla la tatu halijafika, akabaki amesimama, kanga ameikusanya mkono mmoja, hadi mtoto alipopokea cheti na kumfikia. Mgeni rasmi naye akasimama. Sikumbuki mwaka ule tulikusanya shilingi ngapi.

Mwalimu, Desemba iliyopita mwanangu, wakati huo akiwa darasa la tatu, alileta ripoti inayoonyesha nafasi ya 64 kati ya wanafunzi 97. Muhula uliotangulia alikuwa wa 51. Baba yake alimchapa. Ripoti ya mwaka huu ikija, tuisomeje? — Mzazi, Mbeya

Anzeni kwa kuiacha nafasi. Nafasi inawaeleza watoto wa wenzenu zaidi ya inavyomweleza wa kwenu, kwa kuwa mtoto anaweza kuongeza alama katika kila somo na bado akashuka nafasi kumi, kwa sababu tu wenzake nao wameongeza. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne mwezi Januari 2023, liliacha desturi yake ya kutaja shule na watahiniwa bora kitaifa. Nilifurahi siku ile, na natamani desturi hiyo ife pia katika ripoti za darasa la tatu.

Tazameni alama za kila somo, mkizilinganisha na za muhula uliopita. Katika upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, ambao mwanenu anaufanya mwaka huu, kila somo lina alama 50: daraja A ni kuanzia 41, B ni 31 hadi 40, C ni 21 hadi 30, D ni 11 hadi 20, na E ni 10 kushuka chini. Umeitwa upimaji kwa makusudi, kwa sababu kazi yake ni kuonyesha mtoto amefika wapi na asaidiwe wapi.

Halafu mwambieni alete daftari la somo alilopata alama ndogo, mlifungue pamoja mezani. Nitatoa mfano wa msichana niliyemfundisha, aliyekuwa na alama 18 katika Hisabati, na ambaye kwenye ripoti tulikuwa tumemwandikia "Ongeza bidii," kama tulivyowaandikia wenzake arobaini. Nilipofungua daftari lake niliona kwamba kujumlisha na kutoa alikuwa anapata vizuri, hata namba zilipokuwa kubwa. Hesabu za kugawanya ndizo zilizokuwa na mikasi kurasa mbili mfululizo, na si zote: alikosa kila iliyohitaji kugawanya kwa saba au kwa nane, na palipokuwa na tano au mbili alipata. Hakuwa mvivu. Jedwali la kuzidisha la saba na la nane hakulijua, kwa sababu wiki lilipofundishwa alikuwa hospitalini akimuuguza mama yake. Ilitosha dada yake kumsikiliza jioni kwa majuma matatu. Bidii tuliyomwandikia haikuwa imemwambia cha kufanya.

Kwa hiyo angalieni pia sehemu ya mahudhurio. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Mtoto aliyekosa siku 30 amekosa wiki sita nzima za darasani, na alama zake hamuwezi kuzielewa bila kujua wiki hizo zilikuwa zipi. Mkiona maoni ya mwalimu hayasemi kitu, mfuateni siku ya kufunga shule, mmuulize: mwanangu hajui nini hasa, na likizo hii tuanze na lipi? Mwalimu mwenye wanafunzi 97 amechoka Desemba, lakini swali la namna hiyo atalijibu, na atafurahi kuulizwa.

Na baba mtoto naomba nimwambie, kwa heshima zote: kiboko cha Desemba iliyopita ndicho mtoto anachokikumbuka sasa akishika kalamu ya upimaji. Safari hii aketi naye kwenye lile daftari.

Mwalimu, tunahamia Dodoma kutoka Singida mwezi Januari. Mtoto yupo darasa la tano. Naweza kumwandikisha huko moja kwa moja shule zikifunguliwa?

Usifanye hivyo. Mtoto wako tayari ana namba katika PREM, yaani mfumo wa Baraza la Mitihani wa kutunza kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi, na uhamisho wake unatakiwa kufanyika humo, kutoka shule anayoiacha hadi shule inayompokea. Ukimpeleka kama mwanafunzi mpya, usumbufu utajitokeza atakapotakiwa kusajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba, wakati ambapo kurekebisha ni kugumu. Tafuta kwanza shule ya Dodoma yenye nafasi, kisha mwone mwalimu mkuu wa sasa kabla shule haijafungwa, kwa kuwa likizo ikianza utamtafuta mwezi mzima. Chukua barua ya uhamisho, namba hiyo ya PREM na ripoti ya mwisho wa mwaka, na urudishe vitabu vya shule alivyoazimwa.

Mwalimu wa darasa naye mwage, mtoto akiwepo, na uhakikishe kwamba katika rejista mbele ya jina lake ameandika kuwa amehamia Dodoma. Asiachwe akaandikwa mtoro, ili mwaka 2027, wenzake watakapohesabu walioanza na waliohitimu, wajue yeye yuko wapi.