Kwani lazima mtu aende Mars mwenyewe?

SWALI: Mhariri salama? Mi msomaji wenu wa siku nyingi hapa Malindi. Juzi tulibishana barazani mpaka kahawa ikapoa, mmoja anasema hizi hela Wamarekani wanazochoma kupeleka watu mwezini na sijui Mars zingelisha Afrika nzima, mwingine anasema huo ni wivu tu, bila mambo ya anga hata simu zetu hizi zisingejua tuko wapi. Nani mkweli? Na hiyo Mars inawezekana au porojo? – Mbishi wa Barazani

JIBU: Ndugu Mbishi, huyo wa kulisha Afrika mwambie kwanza hela hizo zikikatwa haziji Malindi. Na NASA, shirika la anga la Marekani, siku hizi haipati hata nusu asilimia ya bajeti ya serikali yao, mwaka 1966 enzi za Apollo, mradi wao wa kupeleka watu mwezini, ndo ilipita asilimia 4.

Ila swali lenyewe si geni. Mwaka 1970 mtawa mmoja aliyekuwa Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia Ernst Stuhlinger, mwanasayansi wa NASA aliyekuwa akishughulikia safari ya watu kwenda Mars, akamuuliza mnapangaje mabilioni ya namna hii na watoto wanakufa njaa? Mzee wa watu alijibu kwa adabu kabisa, barua ndefu, akaweka na ile picha ya dunia inachomoza juu ya mwezi waliyopiga Apollo 8 mwaka 1968. Barua nzuri, lakini kuna mahali anateleza kama samaki, kaulizwa habari za watu kwenda Mars, yeye anaingia kwenye setilaiti, zitaangalia mashamba, zitasaidia chakula kiongezeke. Sasa setilaiti ina dereva ndani?

Na wewe wa Malindi hili wala si la kuambiwa. Pale Ngomeni Waitaliano walikuwa na jukwaa lao baharini, San Marco, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa pale setilaiti ya Wamarekani, ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa maalum kwa kuchunguza eksirei zinazotoka huko angani, na hakuna aliyepanda. Hata Taifa-1 ya Kenya ya mwaka 2023, kadude ka saizi ya mkate, iligharimu kama shilingi milioni 50, yaani nyumba moja nzuri Nairobi.

Gharama inapaa ukimpandisha binadamu. Huyu anataka hewa, maji, chakula, choo, halafu akimaliza anataka kurudi kwao! Mkaguzi wa NASA mwenyewe mwaka 2022 alisema kurusha Artemis, mradi wao mpya wa kurudisha watu mwezini, mara moja ni kama dola bilioni 4.1, wakati roboti Perseverance, kazi yake yote, ni kama bilioni 2.7, na ipo Mars tangu Februari 2021 na haijaomba likizo.

Sasa kuwezekana. Hiyo Perseverance ilibeba kimashine saizi ya maikrowevu kinachotoa oksijeni kwenye hewa ya kule. Kilifanya kazi kweli, nakipa heshima yake, ila tangu 2021 mpaka 2023 jumla kilitoa gramu 122, na mtu mmoja anahitaji kama 840 kwa siku. Piga hesabu, hazifiki masaa manne. Lilikuwa jaribio tu, sawa, lakini kutoka hapo mpaka watu wanne wahemee mwaka mzima kuna kazi. Na safari ni miezi sita mpaka tisa kwenda tu, na njia fupi inafunguka kila baada ya miezi 26 hivi, kwa hiyo jino likikuuma huko ndugu yangu utalia nalo.

Mi naona mwezini ni siku tatu, waende, wakikwama angalau pana karibu. Mars roboti ziendelee kwanza. Na huyo wa simu yuko sahihi kuhusu simu, ila GPS inayomwonyesha njia haina mtu hata mmoja ndani, kwa hiyo kateleza palepale alipoteleza Stuhlinger.