Panga linaloua papo hapo kwenye mchezo wako

Ndugu yangu, unasema wachezaji wa mchezo wako wa mezani wa kuigiza wahusika, hapo Kirumba, Mwanza, wanalalamika: adui akipata 20 kwenye dadu ya pande 20, panga linaua papo hapo, nawe unatetea uhalisia. Piga hesabu kwanza. Kila upande una nafasi ya 5%. Maharamia wanne wakivamia mtumbwi kwa raundi tatu, hiyo ni mitupo 12. Uwezekano wa angalau mtu mmoja kufa ni karibu 46%. Ni mkubwa mno!

Uhalisia uhamishie kwenye jeraha. Ikitoka 20, mkono wa aliyepigwa unalegea, kasia linadondoka ziwani, damu inapunguza nguvu kila raundi mpaka mwenzake aache kupigana amfunge kitambaa. Panga wataliogopa, na bado watakuwa na la kufanya. Ila maharamia nao wafuate kanuni hiyohiyo, tafadhali.