Kukata zege kwa grainda: je, barakoa inatosha?

Umeuliza kama barakoa inawatosha mafundi wanaokata zege ndani ya chumba. Haitoshi, ndugu yangu. Zege lina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe. Vumbi la silika linaloua ni lile usiloliona, linalofika ndani kabisa ya mapafu, na makovu yake hayaponi.

Anza na maji. Yaelekezwe pale diski inapogusa zege, yatiririke muda wote wa kukata. Tope lizolewe likiwa bado bichi. Likikauka, linarudi kuwa vumbi. Grainda ya umeme isiyotengenezwa kwa kazi ya maji usiimwagie, inaweza kumuua fundi kwa shoti: ifungie kifuniko cha diski kilichounganishwa na mashine ya kunyonya vumbi, yenye kichujio kinachonasa angalau asilimia 99. Ufagio mkavu na kupuliza kwa kompresa, piga marufuku kabisa.

Sheria ya Marekani ya 2016 inaweka kikomo cha mikrogramu 50 (mikrogramu ni sehemu ya milioni ya gramu) za vumbi hilo la silika kwa mita moja ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8. Kiasi hicho hakionekani kwa macho. Kwa hiyo fundi avae pampu ya kupimia vumbi analovuta, kichujio chake kikiwa karibu na pua, zamu nzima. Barakoa ije mwisho, na ndevu zinyolewe, maana vumbi hupenya pembeni.